Vigae Thelathini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Chama cha Historia leo. Mwalimu alikunja vikaratasi, akavitia ndani ya kofia yake, kila mmoja akachomoa jengo lake. Spika (tunamwita hivyo kwa sababu hahitaji kipaza sauti) akapata mahakama yenye mnara. Akashangilia kama amefunga goli. Mimi nikapata posta ya zamani. Imefungwa miaka kadhaa, sasa inakarabatiwa iwe ukumbi wa kusomea.

Mwalimu akatuonya: asiletewe maneno ya kwenye bamba la mlangoni. Bamba analisoma kila siku akipita. Anataka yale ambayo bamba halikusema.

Nilitaka kuuliza kama naruhusiwa kuingia ndani wakati mafundi wako kazini. Swali lilifika kooni likarudi. Nikaliandika kwenye karatasi nikaiacha mezani kwake. Ndivyo nilivyo!

Nyumbani nilimwambia kaka. Akacheka. "Profesa, umepewa jengo la barua. Mnafanana — nyote wawili hamsemi mpaka mfunguliwe."

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia!

Mwalimu alimpigia simu fundi mkuu kwa niaba yangu. Mtu mfupi, mpana, penseli sikioni. Alinivika kofia ngumu ambayo ilinishuka hadi puani. Akaniambia nisiguse waya, nisipande ngazi, na nikisikia mtu anapiga kelele "chini!" nisiangalie juu bali nikimbie.

Bamba linasema nani alichora jengo na nani alilifungua. Wanaume wawili, vyeo vinne. Mwaka. Basi.

Ndani: kaunta ndefu ya mbao, madirisha saba ya makarani yenye vyuma, ukuta mzima wa masanduku ya barua, milango yake midogo imeachwa wazi. Vumbi la chokaa kila mahali. Lakini sakafu! Walikuwa wamefagia kipande karibu na dirisha. Vigae vyekundu na vyeupe. Kila kigae kina jani moja na kikonyo chake, na vigae vinne vikikutana, vikonyo vinagusana katikati, ua linatokea. Maua mia na mia mpaka mlangoni.

Nikaona ua moja limevunjika. Jani moja limegeuka, kikonyo kinatazama pembeni kama mtoto aliyenuna. Nikatembea. Nikaona jingine.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nzima nimepiga magoti. Goti la kushoto limechubuka, sijali.

Nilitumia daftari la hesabu, lile la miraba. Mraba mmoja, kigae kimoja. Penye kigae kilichogeuka nikaweka msalaba kwa kalamu nyekundu. Nilihesabu mara tatu. Thelathini na saba.

Fundi mkuu alikuja akasimama juu yangu na chai yake. Aliitazama ramani, akatazama sakafu, akatazama ramani. Akasema nina jicho la mwewe, yeye amepita hapo miezi miwili hakuona hata kimoja. Akauliza kama nina mpango wa kuja kumnyang'anya kazi.

Nimeandika juu kwa herufi kubwa: MAKOSA YA SAKAFU. Nimepiga mstari kwa rula.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu aliinua ramani yangu mbele ya wote. Nilitamani dawati linimeze, lakini — nakiri — nilifurahi pia. Spika akasema mafundi hao walikuwa wamefumba macho au walilipwa na adui. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Mwalimu alisema atatoa nakala na kuipeleka ofisi ya majengo, itawasaidia wanaokarabati. Ofisi ya majengo! Karatasi yangu!

Aliporudisha daftari kulikuwa na maneno yake chini: "Kazi safi. Lakini ni nani aliyeviweka vigae hivi? Hujaniambia."

Jumanne, 11 Machi

Sijui ni nani. Hakuna anayejua. Mzee karani mstaafu anayekaa mtaa wa nyuma alisema alipoajiriwa sakafu aliikuta ipo. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mlima.

Mama alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua kichwa: nikamuulize mama yake fundi cherehani. Zamani alikuwa anasemasema habari za kubeba maji kwenye ujenzi wa posta. Kisha mama akaongeza nibebe sketi yangu ya shule, pindo lishushwe, nisiende mikono mitupu kama mpelelezi.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Nilikuta cherehani inalia, fundi amejaa sindano mdomoni. Mama yake alikuwa kwenye mkeka, anafumua gauni kuukuu kwa wembe, uzi baada ya uzi. Mdogo, mkavu, miwani imefungwa kwa kamba. Nikamwamkia. Akaitika marahaba bila kuacha wembe. Nikakaa. Nikamkodolea macho dakika kumi nzima! Mwishowe yeye ndiye aliyesema: mtoto huyu amekuja na sketi au amekuja kuninunua?

Nikafungua daftari nikamwonyesha ramani. Akaiweka karibu na pua.

"Hii ni posta."

Alijua! Alijua kwa mistari tu, kaunta hapa, mlango pale. Akaanza kugusa misalaba kwa kidole, mmoja mmoja.

"Na hivi vyekundu?"

Nikasema, makosa, Bibi.

"Makosa ya nani?"

Nikasema ya mafundi. Vigae vilivyogeuzwa vibaya. Binti yake akasimamisha cherehani.

"Viko thelathini na saba," Bibi akasema. Mimi sikuwa nimemwambia idadi.

Hivi ndivyo alivyosema, kadiri nilivyoweza kushika. Alikuwa na miaka kumi na saba. Walikuwa wanawake watatu wa kubeba maji na kuchanganya saruji: mmoja mkubwa, mama wa watoto watano, aliyeitwa Mnara kwa urefu wake, mmoja mchekaji, na yeye. Ukumbi ulipobaki sakafu tu, mafundi waliitwa kwenye kazi kubwa zaidi, ya kujenga bwawa, wakaondoka wote kwa siku moja. Msimamizi akakwama. Wanawake hao walikuwa wameangalia miezi saba jinsi kigae kinavyolazwa. Mnara akachukua mwiko uliosahauliwa akalaza safu moja. Msimamizi akaja na pima maji, kile kipimo cha usawa, akaiweka, kiputo kikatulia katikati. Akasema basi waendelee mpaka mafundi wapatikane. Hawakupatikana.

Kila jioni msimamizi alipita akigonga vigae kwa mpini wa nyundo. Kikilia utupu, chini hakuna saruji ya kutosha. Siku ya kwanza vililia vinne, na kwa kuwa hakujua ni vya nani, akawafumulisha wote watatu kazi ya siku nzima. Mchekaji aliacha kucheka.

Ndipo wakapatana. Kesho yake kila mmoja, akilaza kigae chake cha mwisho jioni, akakigeuza. Mnara kulia. Mchekaji kushoto. Bibi kinyume kabisa, kikonyo kinawapa wenzake mgongo. Kuandika hawajui, kuchora kwa msumari ni marufuku, lakini kigae kikilia, wenyewe wanajua eneo ni la nani, na ni huyo tu anayefumua. Siku kumi na mbili, watatu. Siku ya kumi na tatu Bibi alimalizia mlangoni peke yake, wenzake wamerudishwa kubeba maji.

Kumi na mbili mara tatu. Na moja.

Nikauliza kama yule aliyechora jengo hakuona. Bibi akasema yule hakuwahi kuinamisha kichwa. Siku ya ufunguzi waliambiwa wakae nyuma ya jengo na ndoo zao kwa sababu nguo zina saruji. Wakasikia kupitia dirishani mtu anawaambia wageni sakafu imewekwa na mabingwa kutoka mbali.

"Na sisi kweli tulitoka mbali," Bibi akasema. "Kutoka kisimani mpaka pale ni mbali, ukiwa na ndoo."

Binti yake akacheka mpaka sindano ikadondoka. Mimi sikuweza. Nilikuwa natazama kichwa cha ramani yangu. Makosa.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimsubiri Mwalimu mlangoni kabla ya kengele. Nilimweleza yote, mfululizo, bila kupumua. Alifurahi — kisha uso ukabadilika.

Nakala ilikwishafika ofisi ya majengo. Mkandarasi wa ukarabati ameipenda mno. Wanaanza kurekebisha Jumatatu ya tarehe 24. Watang'oa vigae vyote thelathini na saba na kuvilaza "sawa", kwa kufuata ramani yangu.

Ramani yangu! Miaka sitini hakuna aliyeviona. Vilikuwa salama. Nimekuja mimi na jicho langu la mwewe nikavionyesha kwa kidole, kimoja baada ya kingine.

Spika alisikia. Nilifikiri atacheka. Akasema: wewe andika barua, mimi nitaisoma mbele ya ofisa yeyote, hata wa mwezini. Alikuwa anasema kweli, nia yake njema. Nikamwambia hapana. Kosa ni langu, mdomo utakuwa wangu. Sijui nilipata wapi maneno hayo.

Jumanne, 18 Machi

Ofisi ya majengo. Nimevaa sketi yenye pindo jipya. Barua kurasa mbili, nimeinakili mara nne.

Ofisa si mtu mbaya. Alisoma yote, hata ukurasa wa pili. Kisha akatoa faili, ndani yake ramani yangu, imepigwa muhuri. Muhuri umekaa juu ya neno MAKOSA kama taji.

Akauliza hii imeandikwa na nani. Na mimi. Na barua hii? Na mimi. Akavua miwani: sasa, binti, ulikosea lini, wakati ule au sasa?

Nikasema wakati ule. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka.

Akasema anaamini. Lakini karatasi yenye muhuri haifutwi na hadithi. Aletewe shahidi, mtu aliyeweka vigae, aje aseme mwenyewe, naye atasimamisha kazi siku hiyo hiyo. Bila shahidi, mkandarasi ana haki ya kuendelea.

Shahidi ninaye! Nilitoka nikikimbia.

Alhamisi, 20 Machi

Hataki.

Nilimbembeleza Bibi saa nzima. Akasema: walipofungua hawakuniita, leo niende mwenyewe kubisha hodi? Nikamwambia jina lake linaweza kuandikwa. Akasema jina lake anaitwa nalo kila siku na watu wanaomjua, linamtosha. Nikamwambia watang'oa. Akasema wang'oe, sakafu ni ya serikali, si yake.

Mnara alishafariki. Mchekaji aliolewa mbali, hajasikika miaka ishirini.

Binti yake alinisindikiza hadi nje. Mama hapendi kuombwa jambo mara mbili, akasema. Na magoti yake hayako sawa. Nisikasirike.

Sijakasirika. Nina aibu. Nilikwenda kumwomba anisaidie kufuta kosa langu, nikamwambia eti ni kwa faida yake.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeandika barua ya pili. Hii haimwombi mtu yeyote ushahidi. Nimechora ramani upya, misalaba thelathini na saba, kwa kalamu ya buluu. Nimegawanya kwa siku. Kila siku ina misalaba mitatu kwenye mstari mmoja kutoka ukuta hadi ukuta — inaonekana wazi ukishajua! Hesabu yenyewe itoe ushahidi. Kichwa: KAZI YA SIKU KUMI NA TATU.

Kaka alipita nyuma yangu. Nikangoja mzaha. Akasema tu, "Profesa, umesahau kula." Akaleta sahani.

Jumatatu, 24 Machi

Niko ndani ya posta. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ninaandika kwa sababu fundi mkuu ameniambia nisimame mbali nisivunje kitu, na nisipoandika nitalia.

Ofisa hakuwepo. Yuko safari mpaka Jumatano. Karani akapokea barua yangu akaiweka kwenye trei, juu ya barua nyingine. Nilikuwa bado na sare, saa nane na nusu. Nikaja mbio mpaka hapa.

Wameanza. Wameanzia upande wa dirisha, siku ya kwanza kabisa ya alama. Vitatu vimeshang'olewa. Vinalowa ndani ya karai pamoja, vimekwanguliwa saruji ya nyuma, visafi kama sahani. Kwenye sakafu matundu matatu ya mraba, nayo yamesafishwa kwa tindo. Fundi alikuwa amechuchumaa juu ya cha nne, tindo mkononi.

Nikasema acha.

Hakusikia. Nikasema ACHA! Ukumbi ukanirudishia sauti. Mafundi wote wakageuka, hata yule wa juu ya ngazi. Nilisimama juu ya kigae hicho cha nne kwa viatu vyangu vya shule, nikaeleza. Maji, bwawa, mpini wa nyundo, kulia, kushoto, kinyume. Sikuangalia chini hata mara moja.

Fundi mkuu alitoa penseli sikioni akaitazama. Kisha akaniambia jambo: nyuma ya kila fremu ya mlango aliyowahi kufunga, kabla hajaipigilia ukutani, ameandika tarehe na jina la mtoto wake wa kwanza. Hajawahi kumwambia mtu. Akamwambia fundi aweke tindo chini.

Akampigia mkandarasi. Nilisikia upande mmoja tu. Ndiyo bosi. Hapana bosi. Njoo uone mwenyewe, bosi. Anakuja. Amesema kama ramani yenye muhuri imebadilika anataka aione iliyobadilika, vinginevyo kazi iendelee leo leo.

Fundi mkuu akasema basi tuvirudishe hivi vitatu kabla hajafika, akute kazi kamili ya kutazama. Akaagiza saruji. Akachukua kigae cha kwanza, akapiga goti, akanigeukia.

"Haya, mwandishi. Hiki kilitazama wapi?"

Nikafungua daftari. Msalaba. Nikafungua ramani mpya. Msalaba.

Sikuandika mwelekeo. Siku ile nilipiga magoti asubuhi nzima, nikahesabu mara tatu, nikaandika kwamba vimekosea — sikuandika vimekosea vipi. Kwa hivi vitatu, nilichokifuta mimi ni kipi kilikuwa cha nani.

Vipo vingine vyote bado, thelathini na vinne. Nimekwenda kuvikagua. Hakuna utaratibu! Siku moja Mnara yuko katikati ya mstari, siku nyingine mchekaji. Nadhani walibadilishana kwa sababu ya jua. Matundu matatu, wanawake watatu. Yanaweza kupangwa kwa namna sita.

Fundi kijana akasema tuweke vyovyote, nani atajua? Kwa upole, alitaka kunisaidia. Nikasema hapana. Nimeshaandika uongo mmoja juu ya sakafu hii, siwezi kuandika wa pili kwa saruji.

Kaka yuko na baiskeli leo. Nilimpigia kwa simu ya fundi mkuu. Nikamwambia aende kwa fundi cherehani, asimwombe Bibi kitu chochote. Amwambie tu kwamba vitatu vya kwanza vimetoka na kwamba mimi sijui vinarudije.

Saruji iko kwenye karai jingine. Fundi mkuu anaigeuza kwa mwiko ili isigande. Anasema nusu saa, haizidi.

Saa tisa na dakika ishirini.

Gari limesimama nje. Sio baiskeli. Ni mkandarasi, naona shati lake kupitia kioo, anaongea na simu hukohuko nje.

Na sasa kengele ya baiskeli! Kaka anahema mlangoni, jasho tupu. Bibi ameshuka kwenye kiti cha nyuma, ameshika kitenge chake kwa mkono mmoja, amempita mkandarasi bila salamu, amesukuma mlango kwa kiwiko.

"Nani kagusa kazi yangu?"

Fundi mkuu, mtu mzima na mafundi tisa chini yake, amevua kofia. Nikasema mimi, Bibi. Akasema najua ni wewe, nauliza aliyeshika tindo. Fundi kijana akainua mkono kama mwanafunzi. Bibi akamwambia walau amekwangua vizuri.

Amevua viatu. Amesimama kwanza, anatazama kutoka dirishani mpaka mlangoni, polepole, safu kwa safu. Fundi mkuu ameleta kiti. Hakitaki. Kaka amemshika mkono wa huku, mimi nilitaka kumshika wa pili, akaniambia niende nikaandike, safari hii niandike vizuri. Ameteremka goti moja, kisha la pili. Nimesikia magoti yakilia kutoka hapa.

Mkandarasi ameingia. Amefungua mdomo. Fundi mkuu ameweka kidole midomoni mwake mwenyewe — subiri.

Tundu la kwanza, upande wa ukuta. Bibi ameweka kiganja ndani yake. Amefumba macho. Midomo inatembea, sisikii, nadhani anahesabu, au anaongea na mtu. Ametoa mkono bila kutazama nyuma, na fundi kijana amempa kigae, kinadondosha maji.

Amekigeuza kulia, kama alivyokuwa akifanya Mnara. Amekitazama.

Amekigeuza tena, kikonyo kinyume kabisa: "Hiki changu, leteni saruji."